Kiporo cha Mama na Chai ya Jumamosi

Kabula, aliyekuwa msaidizi wangu, ameniambia kwamba vijana wapya wa jikoni wanauliza maswali ambayo majibu yake niliondoka nayo. Basi naandika. Mambo ya vyeo na mishahara nayaruka: vyeo vimo kwenye faili, na mshahara ulishaliwa. Nitaeleza nilivyoanza kazi, nani alinifundisha, vifaa gani nilivitegemea, na mwishoni nitaeleza asubuhi yangu ya kuagwa. Wengi wenu mliotangulia mlikuwepo. Mlikula, mkapiga makofi, mkasahau. Hamkujua mlichokuwa mnakitazama.

Mimi ni Vedasto, ambaye ninyi mlizoea kumwita Shefu. Nilizaliwa Murusagamba, wilaya ya Ngara, mahali ambapo ukisimama juu ya shamba letu la migomba unauona moshi wa majiko ya Burundi. Katika kata yetu mimi ndiye wa kwanza kupata diploma ya upishi na huduma za hoteli, na sijasikia kwamba amepatikana wa pili. Wapo walionicheka. "Mwanamume kaenda chuo kusomea kukoroga uji," walisema pale senta. Baadhi yao leo wananiletea watoto wao niwatafutie kazi hotelini, nami huwatafutia. Sina kinyongo, nina kumbukumbu tu.

Lazima kwanza mjue tulikula nini asubuhi kwetu, maana habari yote imesimama hapo. Jioni Mama alipika ndizi na maharage katika chungu kimoja, na chumvi, na mawese kidogo yakiwepo. Kilichobaki alikifunika kwa jani la mgomba, na chungu kikalala nyuma ya mlango. Alfajiri, kabla ya kushika jembe, kila mmoja alipewa fungu lake likiwa baridi, ndizi zimeshikana na maharage kiasi cha kukatika kama tofali bichi. Chai hatukuijua. Tulikula ndani, mlango umerudishwa, kwa kuwa kwetu mtu mwenye heshima zake hatafuni mbele za watu.

Mgeni akija ni habari nyingine. Chochote apewacho mgeni, anayekitoa hukionja kwanza mbele ya macho yake. Ikiwa ni pombe ya ndizi anavuta funda, ikiwa ni chakula anamega na kutafuna na kumeza. Ni namna ya kumwambia mgeni kwamba kilichomo nakijua, na kama kina ubaya utaanza na mimi. Kwa sababu hiyo chakula cha mgeni hakitoki mikononi mwa mpishi tangu kinapoiva hadi kinapoliwa, maana huwezi kuapia kitu ambacho hukukilinda. Lakini mtoto wako humwonjei. Wewe na yeye ni nyumba moja. Mama anayemwonjea mwanawe amemwambia kwamba yeye ni mgeni.

Nilipokuwa mdogo, jirani yetu alikunywa pombe kwenye shughuli nyumbani kwetu, akaugua, na baada ya siku chache akafa. Alikuwa mgonjwa wa siku nyingi na kila mtu alilijua hilo. Hakuna aliyekuja kumshitaki Mama kwa sumu. Watu waliacha tu kula kwetu. Walikuja, wakasalimu, wakakaa, na chakula kilipoletwa wakakumbuka mbuzi waliowaacha shambani. Mama alizidisha kuonja. Wenzake walimega kidogo, yeye alijaza kiganja, akatafuna taratibu huku akiwaangalia. Haikusaidia. Baba alipofariki, wanawake waliokuja kutusaidia msiba walikuja na vyungu vyao, wakapika na kula vya kwao uani kwetu. Chungu kikubwa cha shughuli cha Mama kilikaa kimeinamishwa kwenye kona, na sikukiona tena motoni. Nilipomaliza shule niliondoka.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuosha sufuria katika hoteli moja Mwanza. Nawaambia vijana: anayeijua sufuria kwa kuisugua ndiye atakayejua mahali inapounguza. Siku ya kwanza, wakati wa mapumziko, wapishi walikuwa wanalinganisha cha kwao cha asubuhi. Mmoja alisifu mihogo ya kuchemsha na samaki wadogo, mwingine akasema kwao mtu haamki bila uji wa mtama. Mpishi mkuu, Bwana Mbwana, mtu wa Tanga, alinigeukia.

"Na wewe kijana, huko Ngara mnafungua kinywa na nini?"

"Chai na mkate wa siagi," nilisema.

"Ngara kuna ng'ombe wa siagi?"

"Wapo."

"Wapo," alirudia, akanitazama kama mtu anayeonja mchuzi usio na chumvi.

Bwana Mbwana ndiye mwalimu wangu, diploma ilikuja tu kupiga muhuri. Alinifundisha kwamba unga wa uji huanzia kwenye maji baridi, ukiumwagia maji ya moto umetengeneza mawe. Alinifundisha kupima joto la mafuta kwa kidonge cha unga: kikizama na kukaa chini, subiri, kikipanda kinacheka, tia maandazi. Iliki aliitwanga asubuhi ileile, akisema iliki iliyolala imeshamwaga roho. Alinipa pia sheria ambayo niliishika kuliko amri za kanisa: mpishi hali mbele ya mgeni. Unaonja jikoni, kwa kijiko cha kuonjea, ukimaliza unakiweka kando. Ukumbini unasimama mikono nyuma, unaangalia sahani za watu.

Mwenyewe, nyumbani kwake, alikula kiporo. Aliniita Jumapili moja nikamkuta na wali wa jana aliougeuza kikaangoni, na chai ya rangi. "Karibu kiporo," alisema, bila haya yoyote, mtu mkubwa vile. Nilikula nikafurahia. Ilikuwa nafasi nzuri ya kusema kwamba kwetu nasi tuna kiporo. Nikasema, "Leo nimejifunza kitu kipya, Bwana Mbwana." Alitikisa kichwa tu.

Kutoka Mwanza nilikwenda chuoni Arusha, nikaibuka na diploma ya daraja zuri, kisha Unguja kwenye hoteli za pwani, kisha Muskati huko Omani. Msione naorodhesha kwa majivuno, ingawa najivuna. Muskati jikoni tulikuwa watu wa nchi nyingi. Alfajiri, kabla wageni hawajashuka, tulikunywa chai ya maziwa tukisimama na kila mtu akaeleza cha kwao. Mhindi wa kusini alikuwa na unga wa mchele uliopikwa kwa mvuke pamoja na nazi na dengu. Waomani walianza na tende na kahawa. Mwanamke mmoja Mfilipino alisema kwao wali uliolala hukaangwa kwa kitunguu saumu, na kwamba siku nyumba yao ikikosa wali uliolala, ujue jana kulikuwa na njaa. Walicheka wote. Zamu yangu ikafika. Nikasema mayai, mkate, juisi ya pasheni.

Nimefikiri sana kwa nini. Si njaa, maana wenzangu walikulia kwenye njaa kuliko mimi. Nadhani kila nikilikumbuka lile fungu la baridi nililiona pamoja na mlango uliorudishwa, na watu waliokataa kuingia. Sikuweza kulitaja moja bila lingine kunifuata.

Nilirudi nyumbani na sanduku la visu ambalo hadi leo sijamwazima mtu, nikamjengea Mama nyumba ya matofali yenye jiko la bomba. Aliishukuru, akaendelea kupika kwenye mafiga nyuma yake. Kisha kituo chetu cha mafunzo pale nje ya mji wa Biharamulo kikanichukua kuendesha jiko na kufundisha. Nilikuta uji wa mawe na chai iliyochemka tangu jana. Majani ya chai hutiwa baada ya maziwa kupanda, na hayachemshwi kama dawa ya tumbo. Nilibadilisha vyote kabla mvua za kwanza hazijaisha. Mkuu wa kituo anaweza kuthibitisha.

Kabula nilimkuta palepale. Alikuwa mpishi msaidizi, binti wa wafugaji waliohamia kutoka Shinyanga, mwenye mdomo usio na mfuniko. Wiki ya kwanza nilimwonyesha namna ya kukunja omleti. Aliitazama.

"Shefu, hii imekunjwa inaficha nini?"

"Haifichi kitu. Ni ustaarabu."

"Kwetu yai halina siri," alisema, akaikunja vizuri kuliko wanafunzi wangu wa Unguja.

Kutokana na ubishi wake ndipo lilipozaliwa jambo ninalojivunia kuliko hoteli zote: Chai ya Jumamosi. Wanafunzi wetu wa kilimo na mifugo walitoka kila upande, na asubuhi walisusiana vyakula. Kijana wa Kisukuma alikataa ndizi za kupika akisema hajawahi kuumwa kiasi cha kula ndizi asubuhi. Wahaya wakamjibu kwamba anayeamkia ugali ameamkia adhabu. Ikawa kelele. Nikatangaza kwamba kila Jumamosi kundi moja litapika cha kwao, wengine wataonja, na mwenye kudharau ataosha vyombo. Jumamosi ya kwanza Kabula alileta michembe, viazi vitamu vilivyokatwa vikakaushwa juani, akavichemsha na karanga za kusaga, na maziwa mgando pembeni. Wahaya wawili waliosha vyombo siku hiyo. Wiki iliyofuata walileta ndizi zao, na kahawa ile ya kutafuna, na Kabula akatafuna punje moja akasema sasa ameelewa kwa nini Wahaya wanaongea sana.

Kulikuwa na kesi ngumu. Mzazi mmoja alikuja kulalamika kwamba mwanawe amelishwa chakula cha kabila lingine. Nilimpa sahani, nikamkalisha, nikamwacha nayo. Aliondoka na michembe kwenye mfuko. Wanafunzi wa Kihangaza, watu wa kwetu Ngara, nao walipika zamu zao, lakini walipika ndizi za moto, zimeungwa, mbichi za siku hiyo. Mimi ndiye niliyewasimamia. Kiporo hakikufika mezani, na hakuna aliyeuliza. Zamu yangu mwenyewe ilipofika, miaka yote, nilipika kifungua kinywa cha hoteli na kuitwa bingwa.

Kustaafu kulipokaribia, Kabula alinikamata stoo.

"Shefu, kila mtu hapa ameshapika cha kwao isipokuwa wewe. Jumamosi yako ya mwisho tunataka cha kwenu."

"Nitawapikia omleti ya uyoga."

"Kuku wa Murusagamba wanataga omleti?"

"Kabula, niheshimu."

"Nakuheshimu, ndiyo maana nimeshampigia Mama."

Namba alikuwa nayo, maana simu yangu ikizima Mama hupitia kwake. Nilitaka kukasirika. Jioni Mama alinipigia yeye mwenyewe, jambo ambalo hafanyi, kwa kuwa anaamini anayepiga ndiye anayeomba. Aliniuliza kama ni kweli watu wa huko wanataka kula chakula chake. Nilisema ni kweli. Alisema atakuja, akakata simu.

Alifika Ijumaa, ameshika njia mbaya yote kutoka Murusagamba hadi Ngara mjini na kutoka hapo hadi kwangu, na mapajani amepakata kile chungu kikubwa cha shughuli. Alikuwa amekisugua kikang'aa. Kabula alipiga goti.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye wa simu?"

"Ndiye mimi, Mama."

"Sauti yako ni kubwa kuliko mwili," Mama alisema, na wakawa marafiki.

Nilimwambia jikoni kwetu kuna gesi. Alisema gesi haiyajui maharage yake, akapanga mafiga nyuma ya nyumba yangu ya kituo. Nilimenya ndizi pembeni yake kwa kisu changu cha Muskati. Moto ulipotulia alizungumza bila kunitazama, kwa Kihangaza.

"Watakuwa wengi?"

"Ukumbi utajaa, Mama."

"Kuna watu wa kwetu?"

"Wapo. Yupo Mwalimu Laurenti wa mifugo, mtu wa Kanazi."

"Kanazi wanazijua habari zetu." Akageuza kuni. "Watakula?"

"Watakula."

"Mkononi mwangu?"

"Mkononi mwako, Mama."

"Basi. Nione mara moja kabla sijafa, watu wakila kwangu."

Chakula kilipoiva tulikula kidogo, kilichobaki akakifunika kwa jani, na chungu akakilaza nyuma ya mlango wa chumba alicholala. Vijana, nimewaeleza maana ya kulala na chakula cha mgeni. Nilikuwa naijua kama ninyi mnavyojua majina yenu.

Asubuhi Mama alikwenda misa ya kwanza na mama jirani. Alinikuta nimeamka, akasema, "Chungu kiko mlangoni, nakuachia wewe ukilinde," akajifunga kitenge akaondoka. Nilifunua jani. Chakula kilikuwa kama nilivyokikumbuka, cha rangi ya udongo, kimeshikana, na jani limekiachia mistari juu. Nikawaona kichwani wageni wa wilayani walioalikwa, nikamwona mkuu wa kituo, nikajiona mimi niliyewaandalia mabalozi nimesimama nyuma ya hicho. Nilikibeba chungu hadi jikoni, nikafunga mlango kwa ndani.

Nilikaanga kitunguu na nyanya. Nikavunja lile fungu, nikalitia tui la nazi, tangawizi kidogo, nikalipasha hadi likatoa moshi. Nikalijaza kwenye vikombe na kukipindua kila kikombe juu ya sahani nyeupe, vikasimama vilima vidogo, juu majani ya giligilani. Kiufundi ilikuwa kazi nzuri, hilo siwezi kulikana hata leo. Chungu kitupu nilikisukuma chini ya sinki.

Mnakumbuka ukumbi ulivyokuwa. Mama aliingia na gauni lake la Pasaka, akakalishwa meza ya mbele kati ya mkuu wa kituo na Mwalimu Laurenti. Sahani zikapita. Mimi nilisimama ukutani, mikono nyuma, kama Bwana Mbwana alivyonifundisha. Kabula akasimama na kusema kwamba leo tunakula cha kwao Shefu, kilichopikwa na mama yake mzazi, na kwamba Mama atatukaribisha. Mkapiga makofi. Mama aliinuka, akatafuta kwa macho juu ya meza, kisha chini ya meza, kisha akanitafuta mimi.

"Chungu changu kiko wapi?" aliuliza kwa Kihangaza.

"Kipo jikoni, Mama. Chakula ni hichohicho, nimekipasha tu."

Alikiangalia kile kilima chenye majani. Alikigusa kwa kidole, akakinusa kidole.

"Kililala kwangu," alisema polepole. "Kimeamkia kwa nani?"

Wengi wenu hamkuelewa, mlidhani anaomba baraka. Mwalimu Laurenti alielewa. Mama alibaki amesimama, mikono ameikunja tumboni, na hakumega. Hangeweza kumega. Angekuwa anaapia mbele ya watu kitu asichokijua, yeye kuliko watu wote. Mwalimu Laurenti alikuwa ameshachukua kijiko. Alikirudisha mezani, taratibu, kwa adabu. Wanafunzi wa Kihangaza nyuma yake wakamwona, nao wakaviweka vyao.

Dawa ilikuwa moja, na kila Mhangaza mle ndani aliijua. Mimi ndiye niliyekishika chakula mwisho. Ilikuwa nitoke ukutani, nifike mezani, nimege, nitafune, nimeze. Mtoto wake, mbele ya watu wote. Ingemalizika hapo. Sikutoka. Nilikuwa nimevaa kofia nyeupe. Nilitazama kijiko, nikafikiri kwamba mpishi hali mbele ya mgeni, nikafikiri vibaya zaidi kwamba nitaonekana nikila kiporo. Nilifikiri hayo yote huku Mama ananitazama, na Mwalimu Laurenti ananitazama, yeye mtu wa Kanazi aliyesikia habari zetu tangu utotoni, akimwona mwana wa yule mwanamke akiogopa kuweka chakula cha mama yake mdomoni.

Aliyetangulia ni Kabula. Hakujua chochote kuhusu mila zetu, hilo ameniapia.

"Jamani, mimi nina njaa," alisema, akakitia mkono kile kilima cha sahani ya Mama, akajaza mdomo. Akatafuna. "Kitamu. Ila nazi ya nini? Kimewekewa nazi kama kinaenda harusini."

Watu wakacheka. Mkuu wa kituo akala. Ukumbi ukala. Hapo ndipo nikafika mezani na kumega, nikiwa nimeshapitwa na Msukuma. Mwalimu Laurenti alikula mwisho, vijiko viwili, akasema, "Asante, Mama." Mama alikaa. Hakula. Mlitoa hotuba, mkanipa saa ya ukutani, mkasema mimi ni baba wa Chai ya Jumamosi.

Baadaye Kabula alinikuta naosha kile chungu.

"Shefu, nimekosea wapi? Mama hajasema neno tangu pale."

Nikamweleza habari ya kuonja, na habari ya jirani. Alisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo mimi mgeni nimekula kabla yako," alisema.

"Ndiyo."

"Na ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

Alikichukua chungu mikononi mwangu, akamalizia kukiosha yeye.

Kwa hiyo vijana, sheria ya Bwana Mbwana nimeifanyia marekebisho, mnaweza kuiandika ukutani. Mtu akileta chakula cha kwao, kifike mezani katika chombo chake, kikiwa kama alivyokileta, na yeye mwenyewe ndiye akifunue. Kipashe akikuomba. Ukiona aibu, hiyo aibu ni yako, usiipake kwenye sahani yake. Na ukitakiwa kula mbele za watu, kula. Kofia haitaanguka.

Nimerudi Murusagamba kuishi. Nyumba niliyopanga kuijenga Ngara mjini imesubiri. Mama amenipa chumba cha mbele, na jembe. Kuhusu ile Jumamosi hajanilaumu. Huwasimulia wanawake wanaopita njiani habari za Kabula, anawaambia kuna binti Msukuma huko Biharamulo aliyekula mkononi mwake bila kuogopa. Wawili kati yao wameanza kuingia ndani. Juzi mmoja alikunywa uji.

Asubuhi yangu ya kwanza hapa aliniamsha alfajiri. Chungu kidogo kilikuwa nyuma ya mlango, kimefunikwa jani. Nilikaa kwenye kigoda nilichokikalia utotoni, nikanyoosha mkono. Mama alifunua jani, akakata fungu, akalishika. Kisha akamega kipande pembeni mwa lile fungu, akakitia kinywani, akatafuna taratibu huku ananitazama, akameza. Ndipo akanipa.

"Mama," nilisema, "mimi ni mwanao."

"Najua," alisema. "Kula."

Nilikula. Kilikuwa baridi, kilikuwa kitamu, na nilikimaliza chote. Tukaenda shambani. Nimekula hivyo kila siku tangu nirudi, na kila nikiamka namwahi mlangoni nikiwa na tumaini la kijinga kwamba leo atasahau. Naandika haya mikono ikiwa bado na udongo. Asubuhi ya leo ameonja tena.